Maneno ya Kiingereza ya Mtu Aliyeudhika

Mwaka jana nilipokuwa kidato cha tano niliandika neno moja la Kiingereza katika daftari langu la insha, na kwa sababu ya neno hilo mwalimu wetu mmoja alizuiliwa kuingia darasani kwa siku mbili. Nimeomba nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili ili niwaeleze wenzangu habari za neno hilo, pamoja na maneno mengine yaliyo jirani yake, asije mwingine akajikwaa pale nilipojikwaa mimi.

Mambo yalikuwa hivi. Mwalimu wetu wa hesabu alirudisha karatasi za mtihani, nami nilikuwa nimepata alama 31 katika 100. Akaiinua karatasi yangu juu, akasema mbele ya darasa zima ya kwamba kichwa changu ni kibuyu kitupu: ukikigonga kinalia, lakini ndani hamna maji. Wenzangu wakacheka. Mimi nami nikacheka, kama afanyavyo mtu anayechekwa, lakini usiku ule sikupata usingizi. Juma lile lile tulipewa insha ya Kiingereza juu ya siku tusiyoweza kuisahau. Nikaandika: "My teacher abused me in front of the class."

Kwetu Uganda neno hilo halimtishi mtu. Aliyetukanwa sokoni au ndani ya teksi husema, "He abused me," na kila mtu aelewa ya kuwa ni matusi ya mdomo tu. Katika Luganda tunalo neno okuvuma, na katika Kiswahili kutukana. Basi tukihamia Kiingereza twaliweka "abuse" mahali pa maneno hayo. Wala hatukulitunga wenyewe, maana kamusi za Waingereza zingali na maana hiyo ya matusi. Lakini asili yake katika Kilatini ni kukitumia kitu vibaya, na siku hizi Mwingereza akisikia ya kwamba mtu mzima amem-"abuse" mtoto, hafikirii matusi kwanza. Afikiri juu ya kupigwa vibaya, au juu ya jambo baya zaidi la aibu.

Aliyesahihisha insha zetu alikuwa mwalimu mgeni kutoka Uingereza, mama mtu mzima, aliyekaa nasi mwaka mmoja. Akalisoma neno langu kwa maana ya kwao. Akafanya kama alivyofundishwa juu ya kuwalinda watoto wa shule: alilichukua daftari akaenda nalo moja kwa moja kwa Mkuu wa Shule. Kwa siku mbili tulifundishwa hesabu na mwalimu mwingine, nasi hatukujua sababu. Siku ya tatu nikaitwa ofisini. Nikaulizwa taratibu, kwa upole mwingi, kama mwalimu amenigusa, na ni wapi. Nikashangaa sana. Nikajibu, "La, Bwana, hakunigusa. Alisema kichwa changu ni kibuyu."

Yule mama hakunikaripia. Alasiri ile alinipeleka maktabani, akaandika maneno kama kumi hivi kwenye karatasi, akaniambia nichague lililo langu. Kwa mazungumzo yale, na kwa kamusi nilizofungua baadaye, nimepata somo hili.

1. Neno lasema juu ya nani?

Jambo la kwanza la kujiuliza ni hili: je, neno nitakalotumia lasema juu ya moyo wangu, au lasema juu ya tendo la mwenzangu? Maneno mengine ni kama kipimo cha homa. Yaeleza hali ya mgonjwa tu. Mengine ni kama mashtaka, yamtaja mkosaji.

"Insult" ni neno la mashtaka. Katika Kilatini chake ni kumrukia mtu. Ukisema, "I was insulted," umesema mambo mawili pamoja: ya kwamba umeumia, na ya kwamba yuko aliyekurukia kwa maneno au matendo ya dharau. Ukisema, "I felt insulted," umepunguza mashtaka. Wasema ya kwamba wewe uliliona jambo hilo kuwa tusi, lakini labda mwenzako hakukusudia hivyo. Tofauti ya "was" na "felt" ni ndogo machoni, lakini katika barua ya malalamiko ni kubwa.

"Affront" nalo ni neno la mashtaka. Asili yake ni usoni, kama kumpiga mtu kofi. Ni kumvunjia mtu heshima waziwazi, mbele za watu. Waingereza hulitumia zaidi kwa mambo mazito, kama vile tendo linalodharau haki au utu wa watu wengi. Ukilitumia kwa mtu aliyekunyang'anya kalamu, watacheka.

"Slight" ni tofauti, kwa maana mtu huweza kufanya "slight" bila kufungua kinywa. Neno hili likiwa sifa maana yake ni kidogo au chembamba, na likiwa tendo ni kumfanya mtu kuwa kitu kidogo. Mathalan, kwenye harusi wazee wote wamepewa viti, naye mjomba wako ameachwa amesimama. Hakuna aliyemtukana, lakini amedharauliwa. Hapo "insulted" halifai sana. "Slighted" ndilo lenyewe.

2. Jaribio la mvua

Sasa tuje kwenye maneno ya moyo. Hapa nimejitungia jaribio, nami nimeliona lasaidia. Jiulize: je, mvua yaweza kunifanya hivi?

Umefua nguo, umezianika, mvua ikanyesha. Waweza kusema, "I was annoyed." Naam, kwa kuwa "annoyed" ni kuudhika au kukereka kwa mambo madogo ya kila siku: mbu, kelele, kengele ya alfajiri. Waweza pia kusema, "I was upset." Neno hili lina pia maana ya kupinduliwa, kama kikombe cha chai kilichogongwa na kiwiko. Moyo uliokuwa umetulia sasa umepinduka. Ndani yake mna huzuni na hasira kidogo, nalo latumika hata kwa habari mbaya isiyo na mkosaji. Kwa hiyo ni neno la salama: laeleza hali yako wala halimshtaki mtu.

Lakini huwezi kusema ya kwamba mvua imekutukana, wala huwezi kuwa "offended" na mvua. Mvua haina adabu ya kuvunja. Hivyo basi, kama hakuna mtu aliyekutenda neno, kaa katika "annoyed" na "upset". Kama yuko mtu, endelea mbele.

3. "Offended" na "hurt"

"Offend" latoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kugonga na kujikwaa. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 lingali na maana hiyo ya zamani ya kumfanya mtu ajikwae. Mahali hapo hapo, katika Mathayo sura ya 5, Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 yatumia neno kukosesha. Siku hizi mtu aliye "offended" ni mtu aliyejikwaa kwenye jambo lisilo la adabu. Kuna desturi aliyoiamini, nayo imevunjwa. Huenda jambo hilo halikumlenga yeye hata kidogo: mtu aweza kuwa "offended" kwa mzaha uliofanywa juu ya dini yake au wazazi wake. Sisi nasi tuna methali yetu, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Tofauti ni kwamba katika methali msemaji ndiye ajikwaaye, na katika neno la Kilatini ni msikilizaji.

Angalieni pia ya kwamba neno "offence" hutumika mahakamani, na maana yake ni kosa la sheria. Kwa hiyo "offended" lina harufu ya kanuni na heshima, si ya mapenzi.

"Hurt" ni neno la mapenzi. Asiyekujua akikutukana njiani, utakasirika, na baada ya saa moja utasahau. Lakini mtu umpendaye, au mtu ambaye maoni yake wayathamini, akisema neno dogo, lakuchoma. Ndiyo kuumia moyo. Waingereza hawawezi kusema kwa urahisi ya kwamba mgeni wa njiani amewafanya "hurt" moyoni. Basi kila asemaye "hurt" ameungama kitu: huyu aliyenitenda hivi si mtu baki kwangu.

Lakini tahadhari hapa. "Hurt" ni kuumia mwilini vilevile. Mwanafunzi akiandika, "My teacher hurt me," tutarudi ofisini kwa Mkuu wa Shule kwa mara ya pili! Andika hivi: "I felt hurt by what he said." Maneno "felt" na "said" yaonyesha ya kuwa jeraha ni la moyo, na silaha ni ulimi.

4. Haki na muda

Maneno mawili yahitaji uangalifu wa peke yake. La kwanza ni "indignant". Katika Kilatini lahusu kitu kisichostahili. Mtu aliye "indignant" ana hasira, lakini hasira yake yasema, "Hili si haki!" Yaweza kuwa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa. Ukimwona bibi kizee akisukumwa kutoka kwenye foleni, wewe hukutukanwa wala hukuumizwa, lakini waghadhibika kwa ajili yake. Hiyo ndiyo "indignation".

La pili ni "resent". Lilitoka Kifaransa, na ndani yake mna maana ya kuhisi tena. Katika karne ya 17 Waingereza waliweza kulitumia hata kwa kuhisi shukrani, lakini maana hiyo imekufa. Lililobaki ni kuhisi tena na tena jambo lililokuudhi. Kwa Kiswahili ni kuweka kinyongo, au kufunga fundo moyoni. Hasira huwaka ikazima. "Resentment" ni kaa lililofunikwa majivu. Usiandike "I resent you" kwa jambo lililotokea asubuhi ya leo na ambalo jioni utakuwa umelisahau.

5. Maneno ya aibu

Wengi wetu huchanganya matatu haya. "Embarrassed" ni kuona haya au kutahayari, kama vile kuanguka mbele ya watu. Si lazima uwe na kosa. "Ashamed" ni kuona aibu kwa sababu wewe mwenyewe umefanya lisilofaa. Na "humiliated" ni kudhalilishwa, kushushwa mpaka chini. Ni ndugu ya neno la Kilatini lenye maana ya udongo. Hilo la mwisho ni zito. Alisemalo adai ya kwamba heshima yake imekanyagwa, na mara nyingi yuko aliyeikanyaga.

6. Maneno ya mzaha

"Miffed" na "in a huff" ni maneno ya mazungumzo. La pili lafananishwa na mtu anayepuliza pumzi kwa hasira na kuondoka. Kwa Kiswahili ni kununa, na kama amekataa hata chakula, ni kususa. Kuna pia "take umbrage", ambalo asili yake ni kivuli. Yote haya hutumika zaidi kwa kumcheka kidogo mtu aliyeudhika kwa jambo dogo. Usiyaweke kamwe katika barua ya kujieleza mwenyewe kwa wakubwa.

7. Makosa yetu ya kila siku

Kwanza, neno kuchukia. Katika Kiswahili "mwalimu amechukia" mara nyingi ni kwamba amekasirika tu. Usiandike, "The teacher hates." Andika, "The teacher is annoyed." Kuchukia kukiwa na mtendwa, kama "amenichukia", hapo ndipo "hate" lakaribia.

Pili, maneno madogo yanayofuata. Twasema "angry with" mtu, lakini "angry about" jambo. Vivyo hivyo "annoyed with" mtu, na "annoyed about" jambo. Twasema "offended by", "hurt by" na "indignant about". Lakini "resent" halitaki neno dogo lolote: "I resent his words", wala si "I resent of his words".

Zoezi

Jaribuni kuchagua neno kabla ya kutazama majibu.

(a) Umeme umekatika usiku wa kuamkia mtihani.
(b) Rafiki yako wa tangu utotoni amewaambia wengine siri yako.
(c) Majina ya wote waliotayarisha sherehe yamesomwa, ila lako, nawe ulibeba viti mchana kutwa.
(d) Tajiri amepita mbele ya foleni ya hospitali, na mama mwenye mtoto mgonjwa amerudishwa nyuma.
(e) Miaka mitatu iliyopita kaka yako alilipiwa karo, wewe ukaambiwa ungoje. Hata leo ukimwona walikumbuka.

Majibu: (a) "annoyed" au "upset", kwa kuwa jambo hili ni kama mvua, (b) "hurt", (c) "slighted", (d) "indignant", (e) "resentful". Mwenye jibu jingine na aje tubishane, maana moyo wa mtu hauna jibu moja kama hesabu.

Tukirudi kwenye ile karatasi ya maktabani, kwanza niliweka kidole juu ya "insulted". Yule mama akaniuliza, "Kama mwanafunzi wa shule nyingine angekuambia kichwa chako ni kibuyu, ungekosa usingizi?" Nikasema la, ningemjibu chake tukaachana. Akauliza, "Basi kwa nini mwalimu huyu?" Nikanyamaza. Ukweli ni kwamba mwalimu huyo ndiye aliyenifundisha hesabu tangu kidato cha kwanza, na ndiye aliyemwambia baba yangu ya kuwa naweza kuendelea mpaka kidato cha sita. Nilitaka anione kuwa hodari. Nikahamisha kidole changu mpaka "hurt". Ndilo neno nililokuwa nimeliruka tangu mwanzo, kwa kuwa yale mengine yalimsema yeye, na hili lilinisema mimi.

Nikaiandika upya sentensi yangu: "I felt hurt by what my teacher said, because I respect him." Mkuu wa Shule akaisoma, na mwalimu akarudi darasani siku ile ile.

Sisemi ya kwamba kila aliyetendwa vibaya atumie maneno laini. La, hasha. Kama mwanafunzi ameguswa au amepigwa, aseme "abuse" bila kuogopa, na watu wafanye haraka kama walivyofanya kwa ajili yangu. Ndiyo sababu hasa neno hilo lilindwe. Tukilipoteza bure kwa vibuyu, siku litakapohitajika kweli halitasikiwa.

Mimi nilikwenda kwa mwalimu kumwomba radhi. Alikuwa akisahihisha madaftari. Akasema, "Kibuyu nilisema, kijana. Hayo mengine sikuyafanya." Nikamwambia najua, Mwalimu, ndiyo maana nimekuja. Akafikiri kidogo, akasema, "Na kibuyu nacho, nakiondoa. Kaa hapa tulitazame swali la nne."

Makala hii ameisoma kabla haijatoka, akaniruhusu kuitoa. Kosa aliloona ni moja tu: alama zangu hazikuwa 31, zilikuwa 29.